Watatu, Wote Wazima

Mkunya, Jumamosi, 9 Julai 1988

Wamemchukua mdogo wangu Mussa asubuhi hii kwenda jando. Nimefungua daftari hili leo kwa sababu humu nyumbani sina mwingine wa kumsimulia vitabu ninavyosoma, ingawa yeye ana miaka tisa tu na nusu ya maneno yangu haielewi. Hunisikiliza hivyohivyo, kidole gumba mdomoni.

Mama alitaka asubiri. Alimwambia Mjomba Bwanali jana, "Kaka, huyu bado mdogo. Hata ndoo ya maji hajaweza kuibeba."

"Ndiyo maana anakwenda. Akirudi ataibeba."

"Mwakani basi."

"Mwakani hakuna jando, ngariba ameshasema. Unataka aote ndevu hajatoka utotoni, wenzake wamzomee kisimani?"

Mama akacheka, na alipocheka mambo yakawa yamekwisha. Mjomba ni kaka yake mkubwa. Tangu Baba alipohamia Masasi na kuoa huko, yeye ndiye mwenye kauli juu yetu, na kwa desturi ya kwetu kauli hiyo ingekuwa yake hata kama Baba angekuwepo.

Tulisimama mlangoni, Mama, Bibi, mimi, na mdogo wetu wa mwisho, Sikudhani, mgongoni mwangu. Wanaume walipita wakiimba. Mussa hakugeuka kutuangalia. Bibi alisema ndivyo inavyotakiwa.

Jumapili, 10 Julai

Bibi ametusomea masharti, mimi na Mama. Likumbini, yaani huko kambini porini, mwanamke hakanyagi. Mama hatajipaka mafuta wala kusuka nywele mpaka siku ya kutoka. Jina la mtoto halitajwi. Hata kusema "mwanangu yupo likumbini" hairuhusiwi. Mtu akiuliza, jibu ni moja: amemezwa. Mama akimdai mtoto wake kabla ya wakati anamvuta atoke akiwa mbichi, na balaa litampata yeye mtoto.

"Nilipitia hayo kwa Bwanali," Bibi alisema. "Nilikaa kama sikuzaa."

Kazi yangu ni kupeleka chakula kila jioni mpaka mahali njia ilipofungwa kwa kamba ya majani. Naweka bakuli chini, napiga makofi, naondoka. Asubuhi nakuta bakuli limerudishwa palepale.

Alhamisi, 14 Julai

Jana tulikosa mboga, Mama akapika mlenda. Leo ugali umeliwa, mlenda umesukumwa pembeni ukagandia bakuli. Mama alitazama akacheka mpaka akakaa chini. "Huyo aliyemmeza ameshindwa na deko lake." Bibi akamwambia anyamaze.

Jumatatu, 18 Julai

Upepo mtupu. Bomba halina maji, mashine ya kusukuma maji huko chini haina dizeli. Tumeshuka bondeni alfajiri.

Ijumaa, 22 Julai

Bakuli limerudi jeupe kabisa, na ulikuwa mlenda tena. Mama alilishika kwa mikono miwili. "Umeona? Ameanza kukua." Hakutaja nani.

Jumanne, 26 Julai

Mwalimu Filemoni ametufundisha sensa kipindi kizima, na sijapata kufurahia somo kama hili mwaka huu. Yeye ni mwalimu wetu wa darasa la saba, Mmakua wa Lulindi, mcheshi. Amechaguliwa kuwa karani, ataenda kusoma kazi hiyo Newala.

Alichora Tanzania ubaoni. Akauliza, nchi kubwa hivi, yenye watu wa makabila mengi hivi, wengine wanalima, wengine wanahama na ng'ombe, wengine wamo visiwani, utaihesabuje bila kumruka mtu wala kumhesabu mara mbili? Nikolao akasema tuitwe wote uwanjani. Tukacheka. Mwalimu akasema wazo si baya, ila uwanja haupo. Kwa hiyo wanafanya kinyume: watu wanabaki walipo, na nchi inakatwa vipandevipande. Kila karani ana kipande chake, mpaka wake ni mkorosho fulani, njia fulani, nyumba ya fulani. Halafu unachaguliwa usiku mmoja. Kila mtu anahesabiwa pale alipolala usiku huo. Aliye safarini anahesabiwa kwenye nyumba ya wageni. Mgonjwa, hospitalini. Aliye kwenye treni, kwenye treni. Mfungwa, gerezani. Mtoto aliyezaliwa jioni yake anahesabiwa sawa na mkuu wa mkoa.

Nilikaa nikiufikiria usiku huo mmoja. Nikanyoosha mkono, jambo ambalo silifanyi.

"Mwalimu, na walioko likumbini?"

Wavulana waliangua kicheko. "Msichana anataja likumbi!" Nikolao akaongeza, "Mpelekeni naye akamezwe!" Niliinama mpaka paji likagusa dawati.

Mwalimu alisubiri wanyamaze. Akasema, "Watahesabiwa hukohuko, Rahima. Mimi nimeshapita jando kwetu, wataniruhusu kuingia. Hakuna atakayerukwa."

Alhamisi, 4 Agosti

Mwalimu Mkuu amelalamika tena kwamba nusu ya wavulana wa madarasa ya chini wako porini na mitihani inakuja. Maua ya mikorosho yameshikwa ubwiri, meupe kama yamemwagiwa unga. Watu wanasema mwaka huu tena hakuna kitu.

Jumanne, 9 Agosti

Mama amemnunulia shati la mtumba. Mitumba sasa imejaa mpaka huku Mkunya, mtu anaagiza marobota Masasi na kuyafungulia barabarani. Shati ni la bluu, lina mfuko wenye kifungo, na limemzidi. "Akitoka atakuwa amenenepa," Mama alisema. "Si unaona anavyokula?"

Kila siku bakuli linarudi jeupe.

Jumapili, 14 Agosti

Mjomba Bwanali hajatutembelea muda mrefu. Leo nilikutana naye njiani.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mama yako mzima?"

"Mzima. Anauliza kwa nini siku hizi hufiki."

"Shughuli za kule," alisema, akapita. Amekonda. Bibi anasema wasimamizi wa jando hukonda kwa kukosa usingizi.

Jumatatu, 22 Agosti

Mwalimu amerudi kutoka Newala na mkoba wenye nembo. Amesema wameapishwa: atakachoambiwa na mtu, na atakachokiona katika kazi hii, hatamwambia mwingine, hata mke wake. Nikolao akauliza, "Hata nikikwambia nina wake watatu?" Mwalimu akajibu, "Hapo nitamwambia mama yako akuchape."

Jumamosi, 27 Agosti

Usiku wa leo ndio usiku wenyewe. Redio imehimiza tangu asubuhi. Mama amechota maji ya kesho ili wote tuwe nyumbani. Naye Mussa usiku huu ataandikwa huko aliko. Najua hatakiwi kutajwa, lakini daftari halina masikio.

Jumapili, 28 Agosti

Mwalimu Filemoni alifika jua likiwa halijapanda sana. Tulimsikia kabla hatujamwona, maana kila nyumba ilimchokoza. Bibi alimpokea kwa utani wa Wamakua na Wamakonde:

"Wewe Mmakua, leo umekuja kutuhesabu. Kesho mtakuja kutula?"

Siku nyingine angemjibu. Leo alisema tu, "Shikamoo Bibi," akakaa kwenye kigoda, akafungua mkoba. Macho yalikuwa mekundu. Nikafikiri ni kazi ya usiku.

Aliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Mama akajibu: yeye, Bibi, mimi, Sikudhani. Umri wa Bibi ulileta shida, Bibi hajui. Mwalimu akamuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani Wajerumani walipoondoka. Bibi akasema, "Nilikuwa nimeota meno mawili, mama aliniambia." Mwalimu akaandika. Nilipenda sana jambo hilo, kwamba swali lilipokwama alitafuta njia nyingine ya kuliuliza.

Kisha akafika kwenye maswali ya akina mama.

"Mama Rahima, umezaa watoto wangapi kwa jumla?"

 Aliangalia chini akapangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

Bibi akasema polepole, kwa Kimakonde, "Sema wawili."

Nami, mwanafunzi mzuri wa sensa, nikasema, "Mama, sensa inataka ukweli. Ukisema wawili serikali itajua wawili tu."

"Nyamaza wewe!" Bibi alisema.

"Watatu," Mama alisema.

Mwalimu aliandika. Hakuinua kichwa. "Walio hai?"

Sasa ninapoandika bado namwona Mama alivyoinua uso. Nywele zimetimka, ngozi imepauka kwa kukosa mafuta, lakini alikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

"Watatu," alisema. "Wote wazima."

Kalamu ya Mwalimu ilisimama juu ya karatasi. Ilisimama mpaka Sikudhani akanyoosha mkono kuishika. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Niandike watatu?"

"Andika, Mwalimu. Tangu mwezi wa saba sijamtamka. Serikali ikiniuliza mimi nikatae?"

Akaandika. Tulimpa maji, akanywa funda moja, akasahau kuaga. Nyumba za mbele hatukumsikia akichokozana na mtu.

Bibi hajasema na Mama tangu hapo. Mimi nimefurahi. Najua ni vibaya, lakini nimefurahi kwamba ameandikwa.

Jumatano, 31 Agosti

Mwalimu amepita karibu na dawati langu bila kunisahihishia insha. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

Jumatatu, 5 Septemba

Nilimkuta Mama anajaribu mikono ya shati la bluu, kuona kama anaweza kuipunguza. Akaona afadhali aliache.

Alhamisi, 15 Septemba

Mtihani umekwisha. Hesabu zilikuwa ngumu, Kiswahili kizuri. Keshokutwa wanatoka.

Jumanne, 20 Septemba

Siku tatu sikuweza kuandika. Nitaandika yote sasa.

Jumamosi ngoma zilianza alfajiri. Mama alioga kwa sabuni ya kunukia, akasukwa, akajipaka mafuta mpaka miguuni. Alikuwa mzuri. Alishika shati na kaptula na mwavuli mweusi wa kuazima. Mikeka ilitandikwa uwanjani, tukasikia harufu ya moshi, maana kambi huchomwa siku hiyo. Wavulana wakaja kwa msururu, wamefunikwa khanga kichwani, wameinama. Wakakalishwa mikekani. Kila mama anapita, anafunua, anamkuta wake, anapiga kigelegele.

Mama alipita akifunua. Alikuwa anacheka. Alifika mwisho wa mkeka akarudi mwanzo, bado anacheka, kama mtu anayejua anafanyiwa mchezo.

Kungwi mmoja akaja mbele yake. Alikuwa na bakuli letu. Akaliweka chini miguuni pake, akalifudikiza.

Sikujua maana yake. Wanawake wazima walijua. Waliokuwa karibu na Mama walisogea hatua nyuma, na Bibi akamshika kiuno. Mama hakupiga kelele. Hairuhusiwi kulia siku ya furaha ya watoto wa wenzako, msiba hauwekwi, na aliyebaki porini hazungumzwi. Ngoma haikukatika hata kidogo. Mjomba Bwanali alikuwa ng'ambo ya uwanja amegeukia ukuta.

Mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, shati begani.

Nyumbani ndipo aliposema. Hakusema "wamemuua", hakusema "kaka yangu". Alimwambia Bibi, "Nilimdai."



"Nilimdai mbele ya karani. Watatu, nikasema. Nikamvuta."

"Nilikuambia sema wawili," Bibi alisema, kisha akafunika uso kwa khanga akalia yeye.

Lakini aliyemwambia aseme watatu ni mimi.

Ijumaa, 23 Septemba

Mama hali. Anakaa mlangoni. Sikudhani anapanda mapajani, hamshiki wala hamtelemshi.

Jumatatu, 26 Septemba

Leo nimewaza jambo lililonitia baridi. Mlenda. Mussa hali mlenda, hata kwa fimbo hali. Mtoto haanzi kupenda mlenda porini ndani ya wiki moja. Tena nimekumbuka kalamu iliyosimama.

Nilimfuata Mwalimu ofisini baada ya vipindi. Akasema, "Kaa, Rahima," nikashindwa kukaa.

"Mwalimu, ulipofika likumbini, Mussa alikuwepo?"

Akainuka akafunga dirisha. "Usiniulize hilo."

"Alikuwepo?"

"Rahima, nimeapa mara mbili. Newala niliapa kwa serikali. Kule porini niliapa kwa wanaume, kwa kiapo ambacho hata kukutajia siwezi. Ukiniuliza jina la mtu yeyote niliyemwandika au nisiyemwandika, sina mdomo."

"Mama anasema amemuua mwanawe kwa kukujibu wewe swali."

Alinitazama. Hakuwa anajua. Nani angemwambia?

"Hali chakula," nikasema. "Atakufa kwa sababu ya sensa yako na wewe unasema huna mdomo." Sijawahi kusema hivyo na mtu mzima. Nilikimbia, nikajikwaa kizingitini.

Alhamisi, 29 Septemba

Mwalimu hakuja. Bibi amemlisha Mama uji kwa kijiko, miwili mitatu.

Jumapili, 2 Oktoba

Mwalimu amekuja leo alasiri, ametoka kanisani, na shati la kanisani. Bibi alimkaribisha baridi. Hakutaka kigoda, alichuchumaa chini mbele ya Mama kama mtoto anayetumwa.

"Mama Rahima, nisikilize. Usiku ule nilipita kule kabla sijafika hapa. Sikumwandika. Hakuwepo wa kumwandika."

Mama alikuwa anaangalia barabara.

"Unanisikia? Uliponijibu, alikuwa ameshatangulia. Zamani. Mdomo wako haukumfanya lolote. Na mimi nilijua, nikakuuliza, nikaandika ulichosema."

"Zamani lini?"

"Wiki ya pili. Homa, na taya zikakaza. Waliniambia mimi kwa sababu ilibidi nihesabu."

Nilidhani Mama atalia, au atashukuru. Aligeuza shingo taratibu akamwangalia Mwalimu, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile kuona macho yake yakiangalia kitu.

"Wiki ya pili," alisema. "Basi nilimpikia nani?"

Mwalimu aliinama. Hiyo haikuwa siri yake.

Jumatatu, 3 Oktoba

Mama aliamka kabla yetu akanawa uso. Akanituma kwa Mjomba. "Mwambie namwita. Asipokuja nakwenda mimi, na nitamuuliza barabarani."

Mjomba alikuja. Aliposimama uani Mama hakumwamkia. Sijawahi kuona Mama asimwamkie kaka yake.

"Nilimpikia nani, kaka?"

Mjomba alifungua mdomo aseme yale ya siku zote, kwamba mambo ya kule ni ya kule. Nilimwona akianza. Kisha mabega yakashuka.

"Tulikula sisi," alisema. "Chakula kingerudi, ungejua. Tulikula sisi wakubwa, zamu kwa zamu. Mimi kilinishinda, lakini nilikula."

"Na hospitali?"

"Njia ya kutokea inapita kijijini. Wanawake wangemwona. Walisema tusubiri siku moja. Nami nikasema tusubiri."

Bibi, ambaye ndiye mama yao wote wawili, alikuwa amekaa kati yao kwenye mkeka. Hakusema sheria yoyote. Alimwangalia mwanawe wa kiume kama anatafuta mahali alipokosea kumlea.

"Yuko wapi?" Mama aliuliza.

"Huko huko."

"Nipeleke."

"Mwanamke haendi, dada. Hata kambi ikishachomwa."

"Basi tangulia, mimi nitakosea njia nyuma yako."

Alijifunga khanga.  Mjomba akatangulia. Nilimpa Bibi Sikudhani nikafuata, maana hakuna aliyeniambia nisifuate. Tulivuka mahali palipokuwa na kamba ya majani. Mbele yake kuna mikorosho michanga, halafu majivu, halafu mbuyu mdogo, na nyuma yake udongo ulioinuka kidogo, mfupi. Ni mfupi sana. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyo mdogo.

Mama alipiga magoti akaweka viganja juu ya udongo kama anavyompima mtu homa. Ndipo alipopiga ukunga.

Ukunga huo ulisikika mpaka barabarani. Wa kwanza kufika alikuwa jirani ambaye mwanawe ametoka salama, mbio, hana hata kitambaa kichwani. Alisimama kwenye mpaka wa majivu, akamwangalia Mjomba, Mjomba akaangalia pembeni, naye akaingia. Wakaja wengine. Wanawake walikanyaga likumbi, na hakuna mwanamume aliyewazuia.

Jioni mkeka umetandikwa uani kwetu. Wanawake wamejaa ndani, wanaume wako nje, na Mwalimu Filemoni amekaa nao, mwishoni, karibu na Mjomba, hawasemezani. Jirani amenituma niazime sufuria kubwa kwa watu. Kila nyumba ninayobisha hodi nasema, "Tuna msiba," na wananiuliza nani, nami natamka jina lake lote na la baba yake.